Kupepeta si Kusoma: Hoja Kuhusu Ufundishaji wa Mashujaa wa Mpakani

Utangulizi

Kuna mazoea yaliyoota mizizi katika ufundishaji wa visakale na migani vyuoni mwetu, na makala haya yanakusudia kuyapinga. Mazoea yenyewe ni haya: mwalimu huwaletea wanafunzi shujaa fulani, huwasimulia sifa zake, kisha huwagawia ungo. Wanafunzi huagizwa wapepete. Yale yanayothibitishwa na nyaraka huwekwa upande mmoja yakaitwa historia. Yaliyosalia hupeperushwa yakaitwa ngano, chuku au uzushi wa wafanyabiashara wa sinema. Mtihani ukija, swali huwa ni lile lile lililobadilishwa nguo: tofautisha ukweli na uzushi katika maisha ya fulani. Mwanafunzi anayejua kutofautisha hupata alama zake, na wote, mwalimu na mwanafunzi, hurudi nyumbani wakiamini kwamba fasihi imesomwa.

Tunashikilia kwamba haijasomwa. Kupepeta ni kazi halali, na hatumdharau anayeifanya. Lakini ni kazi ya kutayarisha nafaka, si kazi ya kupika wala kula. Tena ni kazi yenye upofu wake maalumu. Ungo hushughulika na kilichotiwa humo. Huweza kutuonyesha pumba iliyozidi. Hauwezi hata kidogo kutuonyesha mchele ambao haukutiwa unguni. Na visakale vya mashujaa, kama tutakavyojaribu kuonyesha, hupotosha zaidi kwa kile vinachokiacha kuliko kwa kile vinachokiongeza.

Mfano wetu mkuu utakuwa David Crockett wa Marekani, anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Davy. Tumemchagua kwa sababu kisakale chake ni kichanga: kila hatua ya kukua kwake ina mwaka wake, na hakuna awezaye kujificha nyuma ya ukungu wa karne nyingi. Fauka ya hayo, mpaka aliosimama juu yake uliwahi kusafirishwa hadi nchini mwetu, na anayedhani kwamba habari za wawindaji wa Tennessee hazituhusu itambidi aisome sehemu ya tatu ya makala haya kwa makini.

Mtu aliyeigizwa kabla ya kujiandika

Crockett alizaliwa tarehe 17 Agosti 1786 katika eneo ambalo leo ni mashariki ya jimbo la Tennessee, akafa tarehe 6 Machi 1836 katika ngome ya Alamo, Texas. Alikuwa mkulima asiye na mali, mwindaji, askari wa kujitolea na mwanasiasa. Alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1827, akakitetea kiti chake 1829, akakipoteza 1831, akakirudia 1833, akakipoteza tena 1835. Hadi hapa mpepetaji ameridhika. Huu, atasema, ndio mchele.

Hebu tumwendee polepole. Mwaka 1831 ilionyeshwa huko New York tamthilia ya James Kirke Paulding iitwayo The Lion of the West. Mhusika wake mkuu, Nimrod Wildfire, ni kanali wa porini mwenye kofia ya ngozi ya mnyama na majigambo yasiyo na kipimo, na watazamaji hawakuhitaji kuambiwa ni nani anayechezwa. Mwaka 1833 kikatoka kitabu cha vituko kuhusu maisha ya Crockett, kitabu ambacho yeye mwenyewe alikikana. Mwishoni mwa mwaka huo huo Crockett alikwenda kuitazama tamthilia ile mjini Washington. Inasimuliwa kwamba mwigizaji, James Hackett, alijitokeza akamwinamia mbunge. Mbunge akasimama mahali pake akamwinamia mwigizaji. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Ni baada ya hayo, mwaka 1834, ndipo Crockett alipochapisha simulizi ya maisha yake mwenyewe. Alisaidiwa kuiandika na mbunge mwenzake, Thomas Chilton, wakati ambapo alikuwa amekwisha kukosana na Rais Andrew Jackson, na wapinzani wa Jackson walikuwa wakimhitaji mtu wa porini wa kwao. Kwa hiyo kitabu ambacho mpepetaji hukishika kama chanzo cha ukweli, kipimo cha kupimia uzushi wote uliofuata, kilikuwa chenyewe ni jibu kwa tamthilia na silaha ya kampeni. Mtu aliigizwa kwanza, akajiandika baadaye, na alipojiandika alijua vyema ni sura gani wasomaji walikuwa wakiingoja.

Mathalani, katika kitabu hicho Crockett anatuarifu kwamba aliua dubu 105 katika kipindi kisichotimia mwaka. Je, huu ni mchele au ni pumba? Mpepetaji hushikwa na kigugumizi hapa, kwa sababu jambo lenyewe linawezekana, msemaji alikuwepo, na namba imetajwa. Lakini mwanafunzi yeyote aliyekaa na kusikiliza majigambo katika fasihi simulizi zetu hatashikwa na kigugumizi. Anajua kwamba idadi katika majigambo si takwimu; ni pumzi ya msemaji, ni kifua kinachotanuliwa mbele ya hadhira. Swali linalofaa si kama dubu walikuwa 105 au 60. Swali ni kwa nini mtu anayetafuta kura mwaka 1834 ahesabu dubu badala ya kuhesabu miswada aliyoipitisha.

Baada ya hapo mashine ya kisakale haikusimama. Tangu mwaka 1835, yeye mwenyewe akiwa bado hai, hadi mwaka 1856, zilichapishwa kalenda za vichekesho zenye jina lake, zilizochanganya saa za macheo na machweo na chuku za porini, na ambazo kurasa zake zilijaa dharau dhidi ya wenyeji asilia, Waafrika na Wameksiko. Tangu 1872 hadi alipofariki 1896, mwigizaji Frank Mayo alimcheza Crockett jukwaani kama mpenzi mpole na muungwana wa maumbile. Kati ya Desemba 1954 na Februari 1955, kampuni ya Disney ilimrusha katika televisheni, naye Fess Parker akamvika sura ambayo watoto wa mabara kadhaa waliikariri. Kofia za ngozi ya rakuni ziliuzwa kwa mamilioni. Mwaka 1960 John Wayne akamtwaa kwa ajili ya filamu yake kuhusu Alamo. Na kuanzia 1961, jeshi la Marekani lilikuwa na silaha ndogo ya nyuklia, ya kurushwa na askari watatu tu, iliyobatizwa jina la Davy Crockett.

Anayesema kwamba haya yote ni pumba ya kupeperushwa atueleze basi: bomu lile liliitwa jina la nani? Je, ni la mkulima aliyeshindwa uchaguzi mwaka 1835? La hasha. Liliitwa jina la pumba. Pumba ndiyo iliyokuwa na nguvu ya kubatiza silaha, na mwanafunzi aliyefundishwa kuipuliza ikaenda na upepo hana lolote la kusema juu yake.

Kisichotiwa unguni

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yetu. Tarehe 3 Novemba 1813, wakati wa vita dhidi ya taifa la Creek, wanajeshi wa John Coffee, waliokuwa chini ya amri kuu ya Jackson, walikizunguka na kukishambulia kijiji cha Tallushatchee, katika eneo ambalo leo ni Alabama. Crockett alikuwa miongoni mwao. Anasimulia katika kitabu chake cha 1834 jinsi wapiganaji 46 walivyokimbilia ndani ya nyumba moja, na jinsi askari walivyoichoma nyumba hiyo pamoja nao. Kisha anasimulia jambo ambalo msomaji hawezi kulisahau. Askari, wakiwa wamebanwa na njaa, walirudi mahali pale wakagundua ghala la viazi chini ya nyumba ile. Viazi vilikuwa vimeivishwa na moto, na mafuta ya waliochomwa yalikuwa yamevichuruzikia. Wakavila.

Msimulizi hapambi. Hana majigambo hapa, hahesabu dubu. Anasema tu kwamba njaa iliwashinda. Huo ni ushahidi wa mtu aliyekuwepo, umo katika kitabu cha mtu mwenyewe, na ulikuwa mikononi mwa kila aliyekuja baadaye kumtengeneza upya. Hakuna aliyeukanusha. Uliachwa tu.

Jambo la pili. Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilijadili sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia kutoka makwao kusini-mashariki na kuwapeleka ng'ambo ya mto Mississippi. Sheria hiyo ilipendwa na Jackson, ilipendwa na Tennessee, na ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 102 dhidi ya 97. Katika wajumbe wa Tennessee, Crockett peke yake ndiye aliyepiga kura ya kuipinga. Mwaka uliofuata akapoteza kiti chake. Sheria ile ndiyo iliyofungua njia ya kuhamishwa kwa Wacherokee miaka ya 1838 na 1839, safari ambayo inakadiriwa kwamba watu wapatao 4,000 walifia humo.

Ni nini basi kilichofanywa na mambo haya mawili? Mfululizo wa Disney wa 1955 haukuisahau kura ile. Uliionyesha, na kwa fahari kubwa: shujaa anasimama bungeni kuwatetea wanyonge. Filamu iliichukua kura, ikaviacha viazi. Na hapa ndipo upofu wa ungo unapodhihirika. Mpepetaji akiitazama filamu hiyo atauliza: je, ni kweli Crockett aliipinga sheria ile? Ni kweli. Atatia alama ya vyema. Atakachokosa kukiona ni kwamba tendo la kweli limetumiwa kufunika tendo jingine la kweli. Kwamba kura imekuwa sabuni ya kuosha mikono. Kwamba mtazamaji anaondoka akidhani mpaka ule ulikuwa mahali ambapo watu wema waliwatetea wenyeji, ilhali mtu yule yule alikuwa amekula viazi vile. Shujaa wa kisakale anaweza kujengwa kwa ukweli mtupu, bila tone la uzushi, na akabaki kuwa uongo.

Jambo la tatu linahusu kifo chake. Shajara inayonasibishwa kwa José Enrique de la Peña, ofisa wa jeshi la Meksiko, ilichapishwa nchini Meksiko mwaka 1955, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka 1975. Humo imeelezwa kwamba Crockett hakufa akipunga bunduki, bali alikamatwa na kuuawa baada ya mapigano. Ghadhabu iliyozuka Texas haikuwa ndogo. Tangu hapo wino mwingi umemwagwa: je, shajara ni halali? Je, alijisalimisha au alizidiwa? Wapepetaji wa pande zote mbili wamekesha juu ya dakika kumi za mwisho za mtu mmoja.

Wakati wakikesha, kuna mtu aliyekuwa amesimama mlangoni asiyeulizwa. Jina lake ni Joe. Alikuwa mtumwa wa William Travis, kamanda wa ngome ile. Joe alinusurika, akawasimulia viongozi wa Texas yaliyotokea, na kwa hiyo sehemu ya kile kinachojulikana kuhusu Alamo imetoka kinywani mwake. Malipo yake yalikuwa kurudishwa kuwa sehemu ya urithi wa marehemu bwana wake. Mwaka 1837 akatoroka. Na ile jamhuri ambayo watu wa Alamo wanasemwa waliifia iliandika katika katiba yake ya 1836 kwamba bunge lake halitakuwa na mamlaka ya kuwakomboa watumwa, na kwamba Mwafrika aliye huru hataishi humo bila idhini ya bunge hilo. Meksiko ilikuwa imeupiga marufuku utumwa mwaka 1829, ingawa Texas ilipewa nafasi ya kuukwepa. Huo nao ni mchele safi kabisa, wenye tarehe na mihuri. Haukutiwa unguni kwa sababu swali lililoulizwa lilikuwa ni la shujaa: alikufaje? Swali la Joe lilikuwa jingine: walikufa ili nani abaki mtumwa?

Mpaka wenye upande mmoja

Wapo wenzetu ambao watakubali yote haya kisha waseme: sawa, lakini huo ni mzigo wa Wamarekani, tuwaachie wenyewe, sisi tuna mashujaa wetu. Hoja hii ina sura ya uzalendo, na kwa hiyo hupita bila kukaguliwa. Tuikague.

Tuanze na neno lenyewe. Mpaka katika Kiswahili una pande mbili. Shamba hupakana na shamba, mji hupakana na mji. Hata anayegombea mpaka huwa anakiri, kwa hasira yake hiyo hiyo, kwamba ng'ambo yupo mwenyewe. Dhana ya Kimarekani tunayoitafsiri kwa neno hili haina tabia hiyo. Mwanahistoria Frederick Jackson Turner, katika mhadhara alioutoa Chicago mwaka 1893, aliueleza mpaka kuwa ukingo wa makazi unaosonga mbele kuelekea ardhi iliyo huru, na akaona kwamba humo ndimo tabia ya Mmarekani ilimofinyangwa. Ardhi huru! Wenye ardhi hiyo wamekuwa sehemu ya mandhari, pamoja na dubu na mito. Tunapoiita dhana hiyo mpaka, tunaikopesha adabu isiyokuwa nayo. Hili ni jambo ambalo mhadhiri wa Kiswahili ana haki na wajibu wa kulisema darasani kabla ya mwingine yeyote, kwa kuwa lugha yake ndiyo inayolifichua.

Sasa dhana hii ilifikaje kwetu? Ilishuka melini Mombasa mwezi Aprili 1909. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameacha urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alikuwa pia mwandishi wa mashujaa wa mpakani. Mwaka 1887 alikuwa ameshiriki kuasisi chama cha wawindaji kilichopewa majina ya Daniel Boone na Crockett. Kati ya 1889 na 1896 alichapisha mijalada minne kuhusu kutwaliwa kwa Magharibi ya Marekani. Mwaka 1895, akishirikiana na Henry Cabot Lodge, alitoa kitabu cha visa vya mashujaa kwa ajili ya vijana, na Boone na Alamo wamo. Alipolipanda gari la moshi kuelekea bara, akakaa mbele kabisa ya injini ili atazame nyika na wanyama wake, alikuwa akiitazama kwa macho yaliyofunzwa na vitabu hivyo. Katika kitabu cha safari yake, African Game Trails cha 1910, anazilinganisha nyanda zetu na zile za magharibi ya Marekani, na walowezi wa hapa na watu wa mpakani wa kule. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa hesabu yake mwenyewe. Hapa tena msomaji aliyezisikia hesabu za dubu wa Tennessee ataitambua pumzi ile ile.

Ulinganisho huo haukuwa wa maneno matupu. Roosevelt alifika katikati ya mikataba miwili: ule wa 1904, ambao kwao Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, na ule wa 1911, ambao kwao waliokuwa wamepelekwa Laikipia waliondolewa tena. Wamaasai walipokwenda mahakamani mwaka 1913, walikataliwa kwa hoja kwamba mkataba wao ulikuwa kati ya dola na dola, kwa hiyo mahakama ya kawaida haikuwa na uwezo wa kuusikiliza. Miaka 82 nyuma, mwaka 1831, Wacherokee walikuwa wamekataliwa na Mahakama Kuu ya Marekani kwa hoja kwamba wao si taifa la kigeni. Mmoja alifukuzwa mlangoni kwa kuwa si mgeni, mwingine kwa kuwa ni mgeni. Wote wawili wakapoteza ardhi. Huo ndio mpaka wenye upande mmoja unavyofanya kazi, na mwanafunzi wa Narok au Laikipia asiyeonyeshwa uhusiano huu ameibiwa sehemu ya historia yake kwa jina la kulindwa dhidi ya fasihi ya kigeni.

Na upande wa pili wa mpaka ulisema nini? Msafara wa Roosevelt ulibebwa na wapagazi zaidi ya mia mbili. Inasemekana walimpa jina la Bwana Tumbo. Maneno mawili tu. Lakini mhakiki wa fasihi simulizi anajua kwamba lakabu ni utanzu, na kwamba utanzu huo una mtunzi, hadhira na lengo. Dhidi ya vitabu vyote vile vya ushujaa, wapagazi walitunga kitabu cha maneno mawili, na tumbo ndilo walilolitaja, si bunduki. Nani anakifundisha?

Liyongo na mkate wa wishwa

Tukigeukia migani yetu, tunakuta ungo ule ule ukingojea. Fumo Liyongo ni shujaa wa mpakani kwa maana kamili ya Kiswahili. Akiwindwa na mtawala wa Pate, huvuka kutoka mjini kwenda bara, huishi na watu wa msituni, Waboni, Wasanye na Wadahalo, kisha hurudi. Mpaka wake una pande mbili, na yeye huishi pande zote mbili. Kisa chake kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na utendi wake ukaandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Lakini tazama maswali yanayotawala mihadhara yetu: aliishi karne ya ngapi? Alikuwepo kweli? Kaburi lake liko wapi? Tashbihi zake zipi ni chuku?

Ni nadra kusikia ikiulizwa kwa nini watu wa msituni, ambao ni wenyeji wa shujaa, wanageuzwa katika kisa kile kile kuwa wauaji wa kukodiwa, wanaomtegea makoma ili wamfume juu ya mti. Ni nadra kuuliza utendi ulioandikwa Lamu mwaka 1913 ulikuwa ukiusemea mji upi, na dhidi ya nani. Ni nadra kumuuliza Saada. Msomaji atakumbuka kwamba Liyongo alipofungwa gerezani, kijakazi Saada ndiye aliyepita mbele ya walinzi na chakula. Bila miguu yake hakuna utoro, na bila utoro hakuna utendi. Saada na Joe hawajawahi kukutanishwa katika swali moja la mtihani, ingawa wote wawili ni watumwa waliosimama kwenye mlango wa ngome ya shujaa, na wote wawili ndio waliokibeba kisa.

Tena tukumbuke kilichokuwa ndani ya mzigo wa Saada. Kulikuwa na mikate mizuri, na kulikuwa na mkate mmoja mkubwa wa wishwa. Walinzi, watu wenye busara ya kupepeta, walichagua iliyo mizuri wakaila, wakamwachia mfungwa ule wa wishwa. Tupa ilikuwa ndani ya wishwa. Utendi wenyewe umetufundisha namna ya kuusoma, nasi tumeendelea kula pamoja na walinzi.

Pingamizi moja

Litatolewa pingamizi ambalo ni la haki. Tunaishi, tutaambiwa, katika nchi ambamo wanasiasa hujitungia ushujaa kila msimu wa uchaguzi. Mwanafunzi asiyefunzwa kutenga ukweli na uzushi atakuwa mawindo yao. Je, huu ni wakati wa kuutupa ungo?

Hatusemi utupwe. Mwanafunzi ambaye hajui kwamba Crockett alishindwa 1835 hawezi kuelewa kwa nini alikwenda Texas. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba hatari kubwa ni uzushi, na hapo ndipo linapokosea. Mwanasiasa stadi hazushi. Huchagua. Atakuambia kwamba alifungwa, na ni kweli alifungwa. Kwamba alisimama peke yake siku fulani, na ni kweli alisimama. Atakachokinyamazia ni ghala la viazi. Mwanafunzi aliyefunzwa kupepeta tu atayahakiki madai yake yote, atayakuta ni ya kweli, na atampigia kura. Aliyefunzwa kuuliza nini kimeachwa, na kwa faida ya nani, ndiye atakayetikisa kichwa. Katiba ya 2010 iliibadilisha Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa. Umoja ukawa wingi. Wingi huo ni mtego pia, endapo kila jamii italeta shujaa wake aliyekwisha kuoshwa na kupambwa, na kazi ya mwalimu ikawa kuthibitisha tarehe zake.

Hitimisho

Tunapendekeza basi mambo ambayo mwalimu yeyote anaweza kuyaanza muhula ujao bila kungoja kamati ya mitaala. Kwanza, kisakale kifundishwe kwa mpangilio wa matini, si kwa mpangilio wa maisha ya shujaa: tamthilia ya 1831 itangulie kitabu cha 1834, na kalenda zitangulie filamu, ili mwanafunzi aone kila kizazi kikichukua na kuacha. Hali kadhalika Liyongo aanze na 1870 na 1913, si na karne inayogombaniwa. Pili, kila wasilisho la darasani liwe na orodha ya walioachwa: nani yumo katika matini ya awali na hayumo katika ile ya baadaye, na alipotelea wapi. Tatu, swali la kutofautisha ukweli na uzushi liondolewe katika karatasi za mtihani wa mwisho na lirudishwe mahali pake, yaani kwenye zoezi la wiki ya kwanza.

Badala yake tunashauri swali hili: Joe na Saada walijua nini ambacho visakale vya mabwana zao havikusema? Mtahiniwa atakayelijibu vizuri atalazimika kujua tarehe zote ambazo mpepetaji anazipenda. Atalazimika pia kuyasoma matini yenyewe, pamoja na wishwa wake.